Halmashauri, Shirika au Taasisi ya Utafiti: Ulinganisho kwa Anayetaka Kazi ya Kuzuia Majeraha Kigoma

Mwezi uliopita binti wa dada yangu alikuja nyumbani Ujiji na bahasha moja yenye karatasi tatu. Ya kwanza ilikuwa barua ya kupangiwa kituo cha kazi kama afisa afya mazingira katika halmashauri moja ya mkoa huu. Ya pili ilikuwa mkataba wa mwaka mmoja wa shirika linalotoa huduma za afya katika kambi ya wakimbizi. Ya tatu ilikuwa barua ya kukubaliwa masomo ya uzamili ya afya ya jamii, pamoja na ahadi ya mdomo ya mwalimu wake kwamba akifaulu vizuri atashikwa mkono kuingia katika utafiti. Baada ya kuniamkia na kunywa chai alizipanga mezani kama karata, akasema: "Mjomba, mimi nataka kazi ya majeraha, si nyingine. Sasa hapa ya majeraha ni ipi?" Sikumjibu siku ile, kwa sababu jibu la kweli ni kwamba zote tatu ni za majeraha, na hakuna hata moja iliyoandikwa hivyo.

Mimi mwenyewe nimepita katika njia zote tatu kwa nyakati tofauti. Ulinganisho huu nimeuandika kwa ajili yake, na kwa wengine walioko Kigoma, Kasulu au Kibondo, pamoja na majirani zetu wa Tabora, ambao kazi hii wanaitaka lakini hawajajua waingilie mlango upi.

Kazi yenyewe

Watu wengi wakisikia neno ajali hufikiria bahati mbaya, jambo lililokwisha kuandikwa ambalo binadamu hana la kulifanya. Mtafiti wa majeraha huanza kwa kuonyesha kwamba majeraha yana mpangilio kama malaria ilivyo na mpangilio: yana saa zake, mahali pake, umri wa watu wake na chombo chake. Daktari Mmarekani William Haddon, aliyekuwa mkuu wa kwanza wa mamlaka ya shirikisho ya usalama barabarani nchini mwake kuanzia 1966, alituachia jedwali ambalo mpaka leo ndilo tunalofundishia. Upande mmoja linaweka kabla ya tukio, wakati wa tukio na baada ya tukio. Upande wa pili linaweka mtu, chombo na mazingira. Chukua bodaboda iliyobeba mishikaki kutoka Mwandiga kwenda mjini jioni ya mvua. Kabla ya tukio unauliza kama dereva amelala vya kutosha, kama breki zinashika na kama barabara ina taa. Wakati wa tukio unauliza nani alikuwa amevaa kofia ngumu na iwapo pembeni mwa lami pana mtaro wa zege usiofunikwa. Baada ya tukio unauliza nani alimnyanyua majeruhi, alimnyanyua vipi, na muda gani ulipita kabla hajafikishwa Hospitali ya Maweni. Kila kisanduku kina kitu kinachoweza kubadilishwa, na mara nyingi kilicho rahisi kubadilishwa si tabia ya dereva bali ni ule mtaro.

Ukubwa wa tatizo haubishaniwi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba majeraha na ukatili huua watu wapatao milioni 4.4 kila mwaka. Barabara peke yake ziliua takriban milioni 1.19 mwaka 2021, na kuzama majini kuliua takriban 300,000 mwaka huohuo. Hapa kwetu sura yake ni ya kwetu. Ziwa Tanganyika lina wavuvi wa dagaa wanaotoka usiku na taa, boti za abiria zinazopakia Kibirizi kwenda vijiji vya mwambao, na watoto wanaoteka maji na kuoga mahali pamoja. Tuna michikichi, na wakwezi wanaoipanda kwa kitanzi kiunoni ili kukata vichala vya chikichi. Tuna barabara ya Kasulu kuelekea Nyakanazi, ambayo lami yake imeleta raha na mwendo kasi kwa pamoja. Tuna kambi za wakimbizi kama Nyarugusu, ambako watu wengi hupikia kuni katika nyumba zilizobanana. Wenzetu wa Tabora nao wana warina asali, wakulima wa tumbaku wa Urambo na Kaliua, na msimu wa maembe, ambao kila mzazi wa mjini pale anajua jinsi unavyovunja mikono ya watoto.

Vigezo

Kwa halmashauri nina maana ya utumishi chini ya Mganga Mkuu wa Halmashauri, uwe afisa afya mazingira, tabibu au muuguzi. Kwa shirika nina maana ya kazi ya mkataba, hasa ya afisa ufuatiliaji na tathmini au mratibu wa mradi, kambini au vijijini. Kwa taasisi nina maana ya vyuo vikuu vya afya kama Muhimbili, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, yaani NIMR, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1979 na yenye kituo Tabora, pamoja na taasisi nyingine kama Ifakara.

Nitazipima njia hizi kwa maswali matano: swali unalolitafutia jibu ni la nani, takwimu zake zinatoka wapi, mlango wa kuingilia unafunguliwa na elimu gani, kipato kikoje na kina uhakika gani, na muda gani unapita kati ya kuuliza na kuona kitu kimebadilika. Heshima ya cheo sikuiweka, kwa kuwa kila mtu ana mizani yake. Swali la mwisho, la muda, ndilo ninaloliona zito kuliko yote, na wengi wanaoikimbia kazi hii huikimbia kwa sababu hiyo bila wao wenyewe kujua.

Swali ni la nani

Katika halmashauri swali huja na msimu. Kipindupindu kikibisha hodi mwambao, maafisa afya wote wako kwenye vyoo na maji. Chanjo ikifika, gari na mafuta vinakwenda kwenye chanjo. Majeraha yamo vitabuni kila siku, lakini hayana mtu anayeyapigia debe kwenye kikao. Hata hivyo kuna mwanya ambao wengi hawauoni. Mpango kabambe wa afya wa halmashauri huandaliwa kila mwaka kabla ya mwaka wa fedha kuanza Julai mosi, na afisa anayeingia kikaoni na ukurasa mmoja tu unaoonyesha majeruhi wangapi wa bodaboda walipokewa katika vituo vyake, saa ngapi na kutoka eneo lipi, huwa anazungumza jambo ambalo hakuna mwingine mezani anayeweza kulibishia.

Katika shirika swali ni la mfadhili, nawe unalikuta limekwisha andikwa kama kiashiria katika jedwali la mradi. Utapima idadi ya waliofundishwa, si idadi ya waliosalimika. Lakini mashirika mengine yamevuka hapo. Amend, shirika lililofanya kazi katika maeneo ya shule za msingi jijini Dar es Salaam, lilipima majeraha ya watoto, likaweka matuta, njia za waenda kwa miguu, na penginepo likahamisha lango la shule likatazama mtaa badala ya barabara kuu, kisha likapima tena; kazi hiyo ilipata Tuzo ya Ross ya Miji mwaka 2019. Ukipata shirika linalokuruhusu kupima mara mbili, lishike.

Katika taasisi swali ni lako, kwa maandishi. Kwa vitendo, fedha nyingi za utafiti wa afya zimefuata malaria, UKIMWI na kifua kikuu, na mtafiti wa majeraha hujikuta akifanya kazi katika mradi wa wengine huku swali lake likilala kwenye kompyuta. Nimewahi kukaa miaka miwili nikihesabu vyandarua. Sikujuta, kwa kuwa nilijifunza sampuli na dodoso humo, lakini anayedhani kwamba akiingia taasisi ataamka Jumatatu na kuanza na wakwezi wa michikichi ajiandae kusubiri.

Takwimu zinatoka wapi

Hapa ndipo tofauti inapoonekana kwa macho. Alasiri moja nilikuwa katika zahanati ya kijiji cha mwambao, nimefungua kitabu namba 5 cha MTUHA, yaani mfumo wa serikali wa kuweka taarifa za vituo vya afya; namba 5 ni kile cha wagonjwa wa nje. Mstari mmoja uliandikwa: mwanamume, miaka 19, jeraha, mguu wa kulia, amepewa rufaa. Basi. Nilimwuliza muuguzi kama anamkumbuka. Alitazama jina, akacheka kidogo kwa huzuni: "Huyu? Huyu si mkwezi wa pale juu, mzee. Kitanzi kilimkatikia. Alikuwa amekifunga fundo kwa mara ya tatu." Kila kitu ambacho mtafiti anakihitaji, yaani mti, kitanzi, fundo lililorudiwa kwa sababu kamba mpya ni ghali, kilikuwa kichwani mwa muuguzi yule, na hakuna safu ya kitabu iliyomwomba akiandike.

Mtumishi wa halmashauri anaishi karibu na kichwa hicho. Anaweza kumwuliza muuguzi kila wiki, anawajua watendaji wa vijiji, anawajua wahudumu wa afya ngazi ya jamii ambao wanakumbuka kila msiba wa kitongoji. Anachokosa ni nafasi ya kukifanya kiwe utafiti: hana muda, hana mtu wa kuchambua, na mara nyingi hana kibali cha kimaadili cha kuchapisha alichokiona.

Takwimu za polisi ni mto mwingine. Majeruhi wa barabarani au wa kupigwa anatakiwa kuwa na PF3, yaani fomu ya polisi ya kuombea matibabu, na fomu hiyo ina habari ambazo kitabu cha zahanati hakina. Lakini anayeogopa maswali ya polisi atasema ameteleza bafuni, na aliyefariki wiki tatu baadaye akiwa nyumbani anaweza asiongezwe popote. Kwa mwaka 2016 takwimu rasmi za nchi yetu zilionyesha vifo 3,256 vya barabarani, ilhali makadirio ya Shirika la Afya Duniani kwa mwaka huohuo yalizidi 16,000. Pengo hilo halimaanishi kwamba kuna mwongo. Linaonyesha kwamba kila mlango unahesabu wanaopita kwake. Kazi ya kuunganisha vitabu vya hospitali, PF3 na mahojiano ya ndugu wa marehemu ni ya taasisi, kwa sababu inahitaji vibali, wataalamu wa takwimu na uvumilivu, na sijaona halmashauri au shirika likiimaliza peke yake.

Waliozama ni kisa cha peke yake. Aliyezama haji zahanati. Akipatikana huzikwa, na asipopatikana hata kaburi hana, hivyo hakuna kitabu kinachomngoja. Ukitaka kuwafahamu ni lazima uende kwa wavuvi wenyewe, na wavuvi wa dagaa huwapati usiku wala asubuhi, maana usiku wako ziwani na asubuhi wamelala. Unawapata wakati wa mbalamwezi, zile siku ambazo mwanga wa mwezi unaishinda taa na mitumbwi inabaki ufukweni, nyavu zinashonwa na watu wana muda wa kuongea. Mradi mmoja niliowahi kuufanyia kazi ulipanga ukusanyaji wa takwimu kwa kalenda ya ofisi iliyo mbali na ziwa. Wadadisi walifika Katonga mwezi ukiwa mchanga, wakarudi na dodoso tupu, na ripoti ikasema wavuvi hawakutoa ushirikiano. Mtoto yeyote wa mwambao angewaambia.

Shirika lina nguvu hapa kuliko linavyosifiwa. Lina simu za kukusanyia takwimu, lina programu kama KoboToolbox, lina gari, na kambini lina jambo lisilopatikana kirahisi kijijini, nalo ni orodha kamili ya wakazi, kwa hiyo unajua umegawanya kwa wangapi. Upande wa pili, kuingia kambini kunahitaji kibali cha Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, na takwimu zikishakusanywa ni mali ya shirika, ukiondoka unaziacha.

Mlango wa kuingilia

Halmashauri inaajiri hata wenye stashahada, kupitia tangazo, usaili na kupangiwa kituo, na inadai usajili wa baraza la taaluma yako. Haidai uwe umechapisha chochote. Kwa aliyesoma afya mazingira, uuguzi au utabibu, huu ndio mlango mpana, ingawa foleni yake ni ndefu.

Shirika linataka uzoefu, na kila tangazo linaomba miaka miwili ambayo kijana ameipatia wapi. Njia ya kweli ni kuanza kama mdadisi wa siku kumi, ukafanya vizuri, ukaitwa tena. Mtu wa Kigoma ana akiba ambayo hailipiwi ada: Kiha na Kirundi vinasikilizana, na anayeweza kumhoji mama wa Kirundi kwa lugha yake kuhusu mtoto aliyeungua uji hupata majibu ambayo mkalimani hayapati. Ongeza Kifaransa kidogo na ujuzi wa kuchambua takwimu, nawe si mdadisi tena.

Taasisi ina mlango mwembamba. Matangazo ya nafasi za ualimu katika vyuo vikuu kwa kawaida huomba wastani wa angalau 3.8 katika shahada ya kwanza, na aliyepitwa na kiwango hicho hata akiwa hodari hupata taabu kuingia kwa upande huo, ingawa upande wa miradi ya utafiti humsikiliza zaidi. Baadaye kuna uzamili, kisha uzamivu, na katikati yake kuandika makala kwa Kiingereza cha majarida, ambacho si kile tulichofundishwa sekondari. Shahada ya kwanza si lazima iwe udaktari. Mtaalamu wa takwimu, wa fiziotherapia au wa sosholojia anaweza kufika mbali, na binafsi nadhani fani yetu inawahitaji hao kuliko inavyowahitaji madaktari zaidi.

Kipato na uhakika wake

Mshahara wa halmashauri unafuata ngazi za serikali, unajulikana kabla hujaanza, na unakuja na bima, mafao ya uzeeni na uwezo wa kukopa benki. Mwenye mkopo wa elimu ya juu atakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi, na hilo litamfuata popote kwenye ajira rasmi. Si pesa ya kutajirikia, ila inatosha kumpangia mdogo wako ada bila kutetemeka.

Shirika kwa kawaida hulipa zaidi kwa mwezi, na huu ndio mtego wenyewe. Mkataba wangu mmoja ulivunjwa kwa barua ya Ijumaa mchana, ufadhili umekatika, wakati nyumba yangu ilikuwa imefika kwenye lenta. Ilikaa hapo miaka minne, na mvua za masika zikaotesha majani ndani ya chumba cha wageni. Kambi ya Mtendeli, wilayani Kakonko, ilifungwa mwaka 2021, na pamoja na wakimbizi waliohamishwa zilikwenda pia ajira za wenyeji wengi. Anayechukua mkataba kambini ahesabu mshahara wa miezi kumi na miwili kana kwamba ni wa miezi kumi na minane, aishi kwa hesabu hiyo.

Taasisi iko katikati kwa namna isiyopendeza: wachache wana ajira ya kudumu, na wengi wanaishi kwa miradi kama watu wa mashirika, ila kwa malipo ya chini zaidi na kazi ya usiku ya kuandika maombi ya fedha, ambayo hakuna anayeilipia. Ada ya uzamili mara nyingi hutoka mfukoni au kwa ufadhili wa kushindania. Hata hivyo uzoefu na machapisho unaondoka nayo, tofauti na takwimu za shirika.

Muda kabla ya kuona kitu kimebadilika

Mwezi Mei 1935, Thomas Edward Lawrence, mwanajeshi Mwingereza mwenye jina kubwa, alianguka na pikipiki na kufariki siku sita baadaye kwa jeraha la kichwa. Miongoni mwa madaktari waliomhudumia alikuwa bingwa wa upasuaji wa ubongo, Hugh Cairns. Cairns alianza kuchunguza vifo vya waendesha pikipiki, akachapisha matokeo yake ya kwanza 1941, akaendelea kutetea kofia ngumu mpaka alipofariki mwaka 1952. Uingereza ilifanya kofia hiyo kuwa lazima kwa wote mwaka 1973. Ni miaka 38 tangu ajali ile, na zaidi ya ishirini baada ya mtafiti kuzikwa. Leo mapitio ya tafiti nyingi yanaonyesha kwamba kofia ngumu inapunguza hatari ya kifo kwa asilimia zipatazo 42 na ya jeraha la kichwa kwa asilimia zipatazo 69, na hakuna anayebishana tena juu yake, ingawa abiria wa bodaboda wa Gungu bado hapewi ya kuvaa.

Hiyo ndiyo saa ya taasisi. Jibu lake likifika linabadilisha sheria ya nchi nzima, lakini linaweza kufika wewe umestaafu. Mtu mwenye moyo wa kupanda mchikichi ambao matunda yake atakata mwingine ataishi vizuri humo.

Saa ya halmashauri ni fupi. Ukigundua kwamba watoto watatu wamegongwa mbele ya shule moja, unaweza kuandika barua TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, au TANROADS ikiwa ni barabara kuu, ukamshirikisha diwani na trafiki, na muhula usiishe kabla tuta halijawekwa. Unaweza pia kujibiwa kwamba bajeti haipo, ukaandika tena. Ukifanikiwa utaliona tuta hilo kila asubuhi ukienda kazini. Usichoweza ni kuthibitisha kwa mwenye shaka kwamba tuta ndilo lililookoa, wala kuifanya halmashauri ya jirani iige.

Saa ya shirika ni ya mradi: miezi sita ya kuanza, mwaka mmoja wa kazi, miezi mitatu ya kufunga. Mambo yanatokea haraka, jaketi okozi zinagawiwa, picha zinapigwa. Swali ambalo mradi hauna muda wa kuuliza ni kama mwaka wa tatu jaketi zile bado zinavaliwa ziwani au zimegeuka mito ya kulalia. Sisemi kwa kejeli; nimeona zote mbili, na inayovaliwa ilikuwa katika kijiji ambacho wenye mitumbwi wenyewe walichagua aina yake.

Jambo moja ni sawa popote: utawahoji watu waliofiwa. Mama atakusimulia alivyogeuka kuchukua kuni na mtoto akaingia kwenye sufuria, nawe unatakiwa uandike umri kwa miezi. Hakuna njia kati ya hizi tatu inayokukinga na hilo, na mahali penye msimamizi anayekuuliza umelalaje baada ya mahojiano ya namna hiyo ni mahali pa kuthamini kuliko ngazi ya mshahara.

Kwa hali yako

Kama una watu wanaokutegemea sasa hivi, au ndiwe kifungua mimba na wadogo wako bado shuleni, halmashauri inakupa ardhi ya kusimama. Anza na kitabu kimoja cha kituo kimoja, na baada ya kuthibitishwa kazini omba ruhusa ya masomo. Wapo watafiti wazuri waliotokea huko, na wanajua vijiji kuliko sisi. Kumbuka kwamba kurudi serikalini baadaye si rahisi kama kutoka, kwa sababu matangazo mengi ya ajira mpya huweka ukomo wa miaka 45.

Kama ni kijana usiye na mzigo, unazungumza lugha za huku, na hujui bado ni aina gani ya majeraha inayokugusa, mwaka mmoja au miwili ya shirika itakuonyesha mengi kwa haraka. Ila ingia na tarehe yako ya kutoka mfukoni, na kila robo mwaka jifunze ujuzi mmoja ambao hauachwi ofisini.

Kama unapenda namba kiasi cha kukosa usingizi kwa sababu jumla hazilingani, na kuna mtu wa kukulipia au umeshinda ufadhili, nenda taasisi. Aliyeko Tabora ana kituo cha NIMR mlangoni kwake, na anaweza kuanza kwa kazi za muda huku akiishi nyumbani. Aliyeko Kigoma itambidi ahame, walau kwa miaka ya masomo, na reli mpaka Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,200 za kuwaza nyumbani.

Mwenye stashahada asiye na uwezo wa kuendelea kwa sasa asijione yuko nje. Mdadisi hodari anayejua kwamba wavuvi huhojiwa wakati wa mbalamwezi hupatikana kwa nadra kuliko mwenye shahada ya pili.

Kwa aliyekwama kabisa, nashauri jambo nililompa binti wa dada yangu. Omba ruhusa kwa Mganga Mfawidhi wa kituo kilicho karibu nawe, ukae siku mbili na kitabu namba 5 mbele ya muuguzi, bila kunakili jina la mtu, ukitazama tu mistari ya majeraha na kusikiliza akili yako inakwenda wapi. Kuna atakayetaka kutoka mara moja akautazame ule mti au ile njia panda, huyo ana damu ya halmashauri. Kuna atakayeanza kuchora fomu bora yenye safu zilizokosekana, naye shirika litamfurahia. Binti wa dada yangu alisoma kimya mpaka saa tisa, akafunga kitabu, akamwuliza muuguzi swali moja: "Dada, na waliozama mwaka huu wameandikwa wapi?" Barua ya halmashauri inamtaka aripoti ndani ya siku kumi na nne, na jana zilikuwa zimebaki tano.